Wakutane Wangali Hai

Tarehe 5 Julai 2025, mjini Birmingham, Uingereza, Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya roki ya Black Sabbath, aliimba mbele ya watu zaidi ya 40,000 akiwa amekaa kitini. Alikuwa na miaka 76. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umeshamnyang'anya miguu, kwa hiyo kiti chake kilipandishwa kutoka chini ya jukwaa yeye akiwa tayari amekikalia. Pamoja naye walikuwapo Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward. Hawa ndio wanne walioianzisha Black Sabbath mwaka 1968, vijana wa mtaa wa Aston, na uwanja wa Villa Park walikopiga siku ile uko Aston hapo hapo. Walikuwa hawajapiga wote wanne pamoja tangu 2005. Siku 17 baada ya onyesho, Ozzy alifariki dunia.

Mimi ni mpenzi wa muziki huo tangu ujana, enzi za kanda zilizokuwa zikiletwa Unguja na ndugu waliotoka Dubai, Muscat na London, zikanakiliwa mkono kwa mkono mpaka sauti ikachakaa. Onyesho lile nimelitazama na kulirudia, na kila nikilirudia najiuliza: wale watu 40,000 walifuata nini? Nyimbo wanazo. Santuri za 1970 bado zinauzwa, na ndani yake Ozzy ana sauti ya kijana wa miaka 21. Pale Villa Park sauti ilipanda kwa taabu, mara ikafika, mara isifike. Aliyetaka kusikia nyimbo zile zikiimbwa kwa ufasaha alikuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani kwake. Hawakubaki. Walikuja, na wengi walisimama wakilia, watu wazima wenye mvi.

Naamini walifuata watu. Anayekwenda kulitazama kundi lililovunjika likarudi, hamu yake ni kumwona yule na yule na yule wakiwa mahali pamoja, wakitazamana, mmoja akimsubiri mwenzake aingie. Kitu hicho hakihifadhiki kwenye santuri wala kwenye simu. Kipo maadamu wenyewe wapo. Nasi Zanzibar, tulio na vikundi vya muziki vyenye umri mkubwa kuliko bendi yoyote ya roki duniani, tumejua sana kuuhifadhi wimbo na tumejua kidogo mno kuwahifadhi waliouimba na kuupiga. Wakongwe wetu waliobaki wakutanishwe jukwaani sasa, wangali hai, walipwe, na warekodiwe. Hilo ndilo ninalolidai, na itanibidi nipitie Uingereza kidogo kabla ya kulifikisha Malindi na Vuga, mitaa ya vilabu vyetu vya taarab.

Nianze na vidole. Mwaka 1965 Tony Iommi, akiwa na miaka 17, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Pigo hilo lingetosha kumwachisha mtu yeyote. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zikatoa mlio mzito, wa chini, ambao roki ilikuwa bado haijauzoea, na juu ya mlio huo ukajengwa mtindo mzima wa roki nzito unaopigwa leo kutoka Finland hadi Brazil. Nota zile unaweza kumfundisha kijana yeyote mwenye bidii. Vidole vile huwezi kumpa. Bill Ward naye alikulia kwenye jazi, na upigaji wake wa ngoma una mvuto wa mtu anayecheza huku na huku ya gitaa badala ya kulifuata kama askari. Ukimwondoa mmoja kati ya wanne, utabaki na nyimbo zile zile na kundi jingine.

Wazee wa taarab wanalijua jambo hili pengine kuliko wapenzi wa roki. Kaa nao barazani, uwawekee kanda ya zamani ambayo haikuandikwa jina. Kabla mtribu, yaani mwimbaji, hajafungua mdomo watakuwa wameshakwambia nani anapiga fidla, kwa namna anavyoiburuza nota ya mwisho katika bashraf, ule muziki wa ala unaofungua usiku. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, wataijua kwa mkono. Hata mpiga ngoma ya dumbak watamtaja, na pengine watabishana kama ni yeye au ni mwanafunzi wake aliyemuiga. Mabishano ya namna hiyo nimeyasikiliza kwa raha kubwa, na kila mara nimeondoka na huzuni, maana katika majina wanayoyataja, yanayotanguliwa na marehemu ni mengi kuliko yasiyotanguliwa.

Waliochelewa wapo, na mfano wao unaniuma hasa kwa sababu ni bendi niipendayo kuliko zote. Pink Floyd walikaa miaka 24 bila ya wanne wale kupanda jukwaa moja: Roger Waters, David Gilmour, Nick Mason na Richard Wright. Ugomvi wao ulifika mpaka kwa mawakili. Tarehe 2 Julai 2005, katika tamasha la Live 8 pale Hyde Park, London, wakapiga pamoja nyimbo chache tu, wakashikana mabega, wakainama mbele ya watu, wakaondoka. Watu wakangojea ziara. Ziara haikuja. Tarehe 15 Septemba 2008 Wright akafariki kwa saratani, akiwa na miaka 65. Wright hakuwa mwimbaji mkuu wala mtunzi aliyetajwa sana. Alikuwa mtu wa kinanda, nyuma, kimya. Na bado alipoondoka yeye, hakuna aliyeweza tena kusema kwamba Pink Floyd watarudi. Hilo lilinifundisha jinsi ya kumtazama yule anayekaa safu ya nyuma na ala yake.

Led Zeppelin walikuwa wamempoteza mpiga ngoma wao, John Bonham, tangu 1980. Walipokubali kupiga usiku mmoja pale O2, London, tarehe 10 Desemba 2007, kiti cha ngoma alikikalia mwanawe, Jason. Maombi ya tiketi yalifika milioni 20, kwa ukumbi unaochukua watu wapatao 20,000. Hakuna aliyelalamika kwamba kundi halikutimia. Mtoto alikuwa ameirithi kazi ya baba yake, na watu wakaiona kuwa halali.

Hapo sasa tumefika kwetu, maana huo urithi ndio utaratibu wetu wa kila siku.

Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Katika walioianzisha hakuna aliye hai, na bado inapiga. Mwaka 2005 ilitimiza miaka 100, mwaka ule ule wa Pink Floyd kushikana mabega, na haikuhitaji kurudi kwa sababu haikuwahi kuondoka. Siri yake ni kwamba kwetu kundi la taarab ni chama. Lina viongozi wake, lina wanachama, lina nyumba ya mazoezi, na ala ni mali ya klabu. Kijana huja jioni, akakaa pembeni, akabeba viti, akashika kigoma cha rika au tari, mwaka ukapita akaruhusiwa kugusa fidla. Usiku wa taarab ukifika hakuna mtu mmoja anayeubeba. Bashraf inafungua, mtribu wa kwanza anasimama, anaimba wimbo wake, watu wanamtunza, anarudi kukaa. Wa pili anasimama. Okestra nyuma yao ni ile ile. Mtribu akifariki, nyimbo zake hazizikwi naye. Atatafutwa mwenye sauti ya kuelekea, atafundishwa, na wimbo utaendelea kuwa wa klabu.

Culture Musical Club, yenye mizizi katika vuguvugu la vijana la 1958, imekwenda hivyo hivyo pale Vuga. Mapinduzi ya 1964 yalikuja, vilabu vikapata majina mengine na kuwekwa chini ya mkono wa chama na serikali, na muziki haukukatika. Bara nako hali ilifanana. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ala zilikuwa za chama, wanamuziki walikuwa waajiriwa. Jina likawa JUWATA, likawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Muhidin Gurumo aliimba humo, akaondoka kwenda kuianzisha bendi ya Mlimani Park mwaka 1978, akarudi, na watu wakampokea pote. Mtu alihama, bendi ikabaki.

Nauheshimu utaratibu huu kwa moyo wote. Kama vijana wanne wa Aston wangekuwa na klabu yenye nyumba, mwenyekiti na sanduku la fedha, huenda ugomvi wao usingewagharimu miaka mingi kiasi kile. Lakini utaratibu huu una gharama yake, na gharama hiyo hatujaikubali waziwazi: unammeza mtu. Klabu inajulikana, mtribu anajulikana kiasi, na waliobaki ni safu ya watu waliovaa sare. Mara nyingi redio imetaja jina la klabu na jina la mwimbaji, basi. Mpiga chelo aliyeketi pale miaka 30 hatajwi. Siku anapougua hakuna anayeuliza, maana kiti chake kimeshakaliwa na muziki hauna pengo. Uwezo wetu wa kuziba pengo umetufanya tusilione.

Na haikuwa hivyo tangu mwanzo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda na klabu. Alikwenda na watu wake: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku, Maalim Shaabani. Lilikuwa kundi dogo la watu maalumu, kila mmoja na ala yake na tabia yake, wakitunga pamoja, wakisafiri pamoja, wakigawana walichopata. Kwa maana ya roki, ile ilikuwa bendi kamili, miongo kadhaa kabla ya roki yenyewe kuzaliwa. Siti alifariki 1950 na jina lake tunalo: kwenye vitabu, kwenye majina ya vikundi, midomoni mwa watoto wa skuli. Wenzake ni wangapi wanaoweza kuwataja? Santuri zile hazikupigwa na mtu mmoja.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, ndiye aliyetuonesha kwa macho yetu maana ya mkongwe jukwaani. Alipopanda Ngome Kongwe katika tamasha la Sauti za Busara, akiwa ameshavuka umri ambao watu wengine wanashindwa kuvuka kizingiti, watu hawakuwa wakihesabu kama kila nota imefika. Walikuwa wakimtazama yeye, na ile karne nzima iliyosimama mbele yao na ngoma. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, huko Ulaya. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Aliwahi kuonekana, ashukuriwe Mwenyezi Mungu, lakini aliwahi kwa nguvu za mwili wake mwenyewe na kwa juhudi za watu wachache waliomwamini. Utaratibu wa kumfanya aonekane haukuwapo, na haupo hata leo kwa anayemfuatia.

Haiwezekani kuzungumzia roki Zanzibar bila ya kumtaja Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury. Alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa India kusoma akiwa mdogo, akarudi, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Leo wageni wanapiga picha Shangani, na kuna nyumba ya makumbusho kwa jina lake. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991 akiwa na miaka 45. John Deacon, mpiga besi wa Queen, aliacha muziki mwaka 1997. Brian May na Roger Taylor wakaendelea, kwanza na Paul Rodgers, kisha na Adam Lambert, na katika mabango yao huandika Queen, kisha alama ya kujumlisha, kisha jina la mwimbaji. Naipenda alama ile. Inamwambia mnunuzi wa tiketi ukweli wote: hawa wawili ndio wale wale, na huyu wa tatu amekuja kuimba, hajidai kuwa yule aliyekwenda.

Nasi tungeweza kuifuata adabu hiyo bila ya kutumia hata shilingi. Kijana anaposimama kuimba wimbo ambao mtribu marehemu ndiye aliyeupatia umbo, mshereheshaji amtaje yule marehemu kwanza, amtaje mtunzi wa shairi na aliyetia muziki, ndipo amtaje kijana. Yako maonyesho ambako hufanywa hivyo, lakini ni kwa hiari ya mshereheshaji na kwa ujuzi wake. Iwe ni kanuni ya kila klabu.

ABBA, kundi la pop la Uswidi, waliichagua njia nyingine. Tangu tarehe 27 Mei 2022, mjini London, wanaonekana jukwaani kwa picha za kompyuta, wakiwa na sura za mwaka 1979. Wote wanne walikaa wiki tano mbele ya kamera 160, wakiimba na kucheza ili miondoko yao inakiliwe. Bendi ya watu halisi inapiga pembeni. Ni ufundi mkubwa na watu wameujaza ukumbi. Mimi haunivuti, na naomba asitokee mtu wa kupendekeza tumfufue Siti au Bi Kidude kwa njia hiyo mbele ya watalii. Watu wanne walikuwa hai, wazima, na kilicholetwa mbele ya hadhira ni ujana wao uliopita. Ozzy alileta uzee wake. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo linalonifanya nimpigie mtu makofi kwa mikono miwili, kwa sababu amenipa kilichobaki kwake na hakukificha.

Nawajua watakaonipinga, na wana hoja. Wa kwanza watasema kwamba mila ya klabu inakataza kumpandisha mtu mmoja juu ya wenzake, na kwamba umaarufu wa mtu binafsi ndio ulioviua vikundi vingi vya taarab ya kisasa, mwimbaji nyota akiondoka na mashabiki wake na kikundi kikafa mwezi ule ule. Ni kweli, tumeyaona. Lakini mimi sisemi tumtafute nyota. Nasema safu nzima iitwe: fidla, kanuni, udi, akodioni, nai, chelo, dumbak, waitikiaji. Kuwataja wote ndiyo dawa ya unyota.

Wa pili wana hoja nzito zaidi, nayo ni dini. Miongoni mwa wakongwe wetu wako wengi walioweka ala chini walipofika umri fulani, au baada ya Hija, wakaamua kuwa hayo yamekwisha. Mwaka 2016 Mzee Yusuf, kijana wetu wa Unguja aliyeitwa mfalme wa taarab, alitangaza kuachana na muziki kwa ajili ya dini, na baadaye akarejea. Mjini kote watu walibishana, wengine kwa furaha, wengine kwa masikitiko, na karibu wote kwa sauti kubwa mno juu ya jambo lililo kati ya mja na Mola wake. Msimamo wangu ni mmoja. Aliyeacha asishawishiwe, asibembelezwe kwa bahasha, wala asipigwe picha kwa siri akitikisa kichwa wimbo unapopigwa. Aulizwe mara moja kwa heshima, na akisema hapana, aombwe tu asimulie: nani alimfundisha, ala ilitoka wapi, wimbo upi ulitungwa kwa kisa gani. Wengi wasiopiga tena hawajakataa kusimulia. Na wapo wengine ambao hawakuacha kabisa, waliacha kuitwa.

Suala la fedha linafaa kuangaliwa kwa macho makavu, kwa sababu roki imetuonesha pa kuanguka. Oasis walivunjika tarehe 28 Agosti 2009 mjini Paris, Liam na Noel Gallagher, ndugu wa baba na mama, wakakaa karibu miaka 16 bila ya kupiga pamoja. Tarehe 4 Julai 2025 mjini Cardiff wakatoka mbele ya watu wakiwa wameshikana mikono juu, na nakiri kwa furaha kwamba nililia. Lakini tiketi zilipouzwa Agosti 2024, watu walisubiri kutwa kwenye foleni ya mtandaoni, na tiketi ya kusimama iliyotajwa kuwa takriban pauni 150 wengine waliikuta imezidi pauni 350. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikafungua uchunguzi juu ya Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, mwezi uliofuata. Bendi ile ilijengwa na watoto wa mitaa ya makabwela ya Manchester, na walioipenda kwanza ndio waliosukumwa nje ya lango. Led Zeppelin mwaka 2007 walifanya vizuri zaidi: bei moja, pauni 125, na tiketi zikapatikana kwa kura. Kurudi kwa bendi kumekuwa biashara kubwa tangu mapato ya santuri yalipoporomoka, na biashara ikikaa mbele, hadhira inayofaa ndiyo inayokosa nafasi.

Sisi hatuna haja ya kuvumbua kitu hapa. Sauti za Busara, tangu ilipoanza 2004, imekuwa na bei nafuu kwa Watanzania na bei nyingine kwa wageni. Ifuatwe. Onyesho la wakongwe likiuzwa kwa bei ya hoteli za pwani, tutakuwa tumewapandisha wazee wetu mbele ya watu wasiowajua, huku waliocheza harusi zao kwa nyimbo zile wakisikiliza kutoka Forodhani, nje ya ukuta. Busara yenyewe iliwahi kukosa fedha, na tamasha la 2016 halikufanyika. Kwa hiyo simtegemei mfadhili mmoja, awe wa ndani au wa nje.

Mahali papo. Ngome Kongwe ina jukwaa na ngazi za kukalia, na kuta zake zinairudisha sauti ya fidla vizuri. Iwe siku ya pili ya Idd, maana sikukuu ndiyo iliyokuwa na taarab yake tangu zamani, na wazee huwa wameshatembelewa na watoto wao, wako mjini. Wakongwe wakae vitini wote. Tumeshaona kwamba kiti hakipunguzi kitu. Vijana waliofundishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, wakae kati yao, sako kwa bako, ili mzee akichoka katikati ya ubeti mkono wa kijana uendelee. Nyimbo zishushwe kufuata sauti zilizopo. Bendi za roki za wakongwe hulegeza nyuzi kila siku na hakuna anayeona aibu. Mazoezi yawe marefu na yasiyo na haraka. Kwa kweli, naamini mazoezi hayo yatakuwa na thamani kuliko onyesho lenyewe, kwa sababu huko ndiko watu watakapokumbushana, watakaposahihishana, watakapopatana baada ya magomvi ya zamani. Kamera na vinasa sauti viwepo huko tangu siku ya kwanza.

Malipo yatolewe kabla ya kupanda jukwaani, mkononi mwa kila mmoja, kwa kiasi kimoja kwa mwimbaji na mpiga tari. Kutunza kuendelee kama kawaida, ni adabu yetu, lakini noti inayobandikwa kwenye paji la uso isihesabiwe kuwa mshahara. Wanaotoka Pemba walipiwe boti, malazi na mtu wa kuwasindikiza, maana Chake Chake na Wete kuna wapigaji ambao Unguja imewasahau kwa sababu tu ya mkondo wa bahari ulio kati yetu. Kila kitakachorekodiwa kisajiliwe COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa majina ya watu, na jina la klabu likae pamoja nayo. Na ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, lenye urithi wa miongo mingi ya kanda zilizorekodiwa Raha Leo, liwakaribishe wazee hao studio, liwachezee kanda moja moja, nao waseme nani anapiga nini. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtafiti peke yake, hata awe na shahada ngapi. Wenye kuijua mikono ile ni wale waliokaa nayo.

Haya yote yanahitaji bajeti, vikao na barua, na nafahamu kasi ya barua zetu. Hatua ya kwanza haizihitaji. Mtu mmoja katika kila klabu, aliye kijana na mwenye mwandiko unaosomeka, achukue daftari, apite Malindi, Vuga, Ng'ambo yote, kisha avuke Pemba, aandike nani yuko hai, alipiga nini, alipiga na nani, ana ala nyumbani au aliiuza, na kama angependa kuitwa. Kazi hiyo inaweza kuanza wiki hii.